Mlingoti Uliotazamwa Kutoka Mtoni

Mlingoti wetu ulikuwa na magurudumu mawili. Nikiwaambia watu wa Bukavu kwamba niliwahi kufanya kazi ya mlingoti mgodini, wanafikiria mnara wa simu, ule uliosimikwa kwa zege juu ya kilima. Hapana. Wetu ulivutwa nyuma ya gari kama rimoki, tela la kubebea matofali. Ukifika mahali unateremsha miguu minne ya chuma, unaisawazisha, unafungua sola, kisha unakamata manivela, ule mpini wa chuma, na kuzungusha. Mabomba yanatoka moja ndani ya jingine mpaka unainua shingo kuyaangalia. Juu kabisa kuna kamera mbili na antena. Kamera zinalitazama shimo, antena inawapa rezo, yaani mtandao, madereva wa magari makubwa, wapimaji na ofisi. Mgodi wa wazi hauna mahali pa kudumu, kilima kinaliwa kila wiki, barabara uliyopita Jumatatu unaikuta Ijumaa haipo. Kwa hiyo mlingoti nao ulihama pamoja na shimo, na sisi nyuma yake.

Mimi ndiye niliyekuwa fundi wake, pamoja na mwenzangu mmoja mwanaume. Tulikaa mgodini, upande wa Mwenga, na kila baada ya majuma kadhaa mmoja wetu alipewa konji ya juma moja aende nyumbani. Kwangu ni Muhumba, mjini Bukavu, kwa mama yangu. Mama alikuwa anasema ningezaliwa mwanaume ningekuwa nimeshakufa kwa ngumi za watu, maana ulimi wangu haujui kungoja. Mama hakukosea. Nimewahi kumtukana dereva wa gari lenye magurudumu yanayonizidi kimo, kwa sababu tu alipita karibu mno na nyaya zangu.

Kitu nilichokichukia kuliko vyote ni siku ya baruti. Kabla mwamba haujapasuliwa, amri ilikuwa mlingoti ushushwe, sola zikunjwe, rimoki ivutwe mpaka nyuma ya kilima, ili mawe yanayoruka yasivunje kamera. Baruti yenyewe ilikuwa saa nane mchana. Mimi kuanzia saa sita na nusu niko na manivela mkononi, nazungusha, mabega yanawaka moto, mvua ya Mwenga inaniingia shingoni. Mawe yakishatulia, rudisha tena, sawazisha tena, inua tena. Mwenzangu alikuwa anajificha chooni siku hizo, nami nilimfuata mpaka mlangoni kumwambia tumbo lake limejifunza kalenda.

Siku moja, haikuwa siku ya baruti, niliona kamba ya chuma inayoinua mabomba imeanza kuchanika. Nikaushusha mlingoti asubuhi, nikaubadilishia kamba, nikainua tena jioni. Kazi ya kawaida. Kesho yake, kwenye mlango wa mgodi, kulikuwa na mama mmoja ananingoja.

Mlangoni hapo kulikuwa na dada mmoja aliyetuuzia mandazi na chai. Tulizoeana naye, aliniita maman enjenieri, nusu kwa heshima na nusu kwa kunicheka kwa sababu ya buti zangu. Mama aliyekuwa ananingoja alisimama karibu na meza yake, mtu mzima kidogo, kitenge kimelowa mpaka magotini, mikono myeupe myeupe ya kukaa majini. Aliponiona hakusalimia. Aliinua mkono wake wa kuume wima, kiwiko kwenye kiganja cha mkono wa kushoto. Akaushusha taratibu. Halafu akapiga vidole kama mtu anayepiga beseni, akafanya miguu ya watu wanaokimbia, akanyanyua uso kuangalia juu, akangoja. Akafungua mikono mitupu mbele ya pua yangu. Hakuna kitu. Akanitazama kwa hasira ambayo mimi mwenyewe naijua, maana ni kama yangu.

"Huyu ni nani, na anataka nini?" nikamuuliza muuza mandazi.

"Ni yaya yangu," akajibu, yaani dada yake mkubwa. "Hasikie. Tangu mutoto, homa ilimuziba masikio. Anasema weye uko muongo."

"Mimi?"

"Njo vile. Anasema jana ulishusha mulingoti, basi bakatoka mu maji bote, bakakimbia, bakaacha mihogo. Bakangojea mawe mupaka jioni. Mawe hakuna. Mbuzi zikakula mihogo yabo yote. Anauliza juu ya nini ulidanganya batu."

Nilicheka kwanza, naona haya kuliandika. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilianza kuelewa.

Chini ya mgodi kuna mto mdogo wenye mawe mengi. Wanawake wa kijiji wanaloweka mihogo humo: wanaichimbia visima vidogo pembeni, wanaifunika kwa mawe isichukuliwe, wanaiacha siku tatu nne mpaka ilainike, ndipo waitoe, waioshe, waianike kwa ajili ya unga. Mto una kelele. Sireni ya mgodi inapolia, upepo ukivuma kutoka upande wa pili, mtoni huisikii, au unaisikia nusu, huwezi kujua ni sireni au ni gari linarudi nyuma. Lakini kutoka mtoni mlingoti unaonekana vizuri, na huyu mama asiyesikia ndiye aliyegundua kwamba kila ukishuka mawe yanafuata. Akawafundisha wenzake. Alikuwa anafanya kazi huku jicho liko juu, na ukianza kushuka alichukua beseni la bati na kulipiga kwa jiwe, yeye asiyesikia mlio wake, na wenye masikio wote wakatoka majini. Alibaki nyuma, akiwahesabu mmoja mmoja, ndipo naye akapanda.

Miezi yote ile nilikuwa nalaani manivela yangu, na chini kule kuna watu wanaishi kwa manivela ile.

Nilikwenda kwa shefu, mkuu wetu wa kazi. Nilimwambia mtoni kuna wanawake siku za baruti. Shefu alikuwa mtu mpole, hakuwa mbaya, alinikaribisha kiti. Akasema kwenye karatasi mtoni hakuna mtu: walinzi hupita kila siku ya baruti na kuandika kwamba eneo ni tupu. Nikamwambia walinzi huishia barabarani, hawashuki. Akasema, "Maman, ukiandika iyo, kesho bataenda kubafukuza kabisa, na muto batazungushia waya. Ni vile unataka?" Mto mwingine uko mbali, mwendo wa saa nzima na mzigo wa mihogo mgongoni. Nilijiambia kunyamaza ni kuwasaidia. Nilijiambia hivyo kwa muda mrefu.

Nikarudi kwa muuza mandazi, nikamwambia aniitie yaya yake. Alikuja siku ya pili na kisirani chake bado usoni. Nikamwambia mdogo wake, "Mwambie hivi. Kuanzia leo, mlingoti ukishuka ni baruti. Ukisimama, hakuna baruti. Nikiwa na matengenezo nitatuma neno kwako kwanza. Sitamdanganya tena."

Alimwambia kwa mikono. Yule mama hakuridhika na mikono ya mdogo wake, alitaka ya kwangu. Basi nikasimamisha mkono wangu wima kama alivyofanya yeye, nikatandaza kiganja: salama. Nikaushusha, nikaonyesha mawe yanaanguka. Akanirudisha mwanzo. Nikafanya tena. Akanirudisha tena, mara ya tatu, mwenye mandazi anacheka mpaka chai inamwagika, wafanyakazi wamesimama wanatuangalia, na mimi mwenye ulimi usiojua kungoja nikafanya mara ya tatu bila kunung'unika. Ndipo akanikamata mkono, akautikisa kwa nguvu, akaondoka.

Tangu siku ile mlingoti ulipata kazi ya tatu, ambayo haikuandikwa popote. Nilianza kuushusha mapema, saa sita kamili badala ya sita na nusu, wapate muda wa kufunika mihogo yao. Mwenzangu naye nilimweleza, akaitikia, akawa anafanya vilevile nikiwa konji, namshukuru kwa hilo. Nikiwa juu nashika manivela naangalia chini, namwona: doa la kitenge kati ya mawe. Nikianza kuzungusha, doa linanyanyuka. Baada ya muda bati linalia, dogo, mbali. Nilikuwa nafurahi. Sijui kama niliwahi kufurahi hivyo kwa kazi yoyote, na sikumwambia mtu kwa sababu ningeonekana mjinga.

Alinipa jina. Kwa mikono yake mimi nilikuwa ngumi inayozunguka, mtu wa manivela. Tukikutana njiani alizungusha ngumi yake hewani kwa mbali, na mimi nikajibu kwa kusimamisha mkono wangu wima. Na kila nilipokwenda konji alituma kwa mdogo wake mfuko mdogo wa unga wa muhogo niupeleke nyumbani. Mama yangu, ambaye husema unga wote wa soko la Nyawera siku hizi una mchanga, aliupenda ule unga kiasi cha kuufungia kabatini. Hatujawahi kula bugali laini vile. Alimwita mtumaji "mama wako wa mutoni," akamtumia sabuni, na mara moja kitambaa cha kichwa.

Kisha kikaja kile kilichokuja.

Nilikuwa konji, Muhumba. Ijumaa ujumbe ukaingia kwenye simu, kwenye kundi letu la kazi. Mlingoti utahamishiwa juu ya ukingo wa kilima, ng'ambo ya shimo, mahali mawe hayafiki. Kuanzia wiki ijayo hautashushwa tena siku ya baruti. Utabaki umesimama, kamera zikipiga picha mlipuko mzima, rezo isikatike. Shefu alikuwa ameuomba mpango huo kwa muda mrefu, na kwa kazi ulikuwa mpango mzuri.

Mimi nilifanya nini? Nilifikiria mabega yangu. Nilifikiria mvua shingoni. Nikajibu kwa kidole gumba kilichoinuliwa, kisha nikaandika, "Mungu ni mwema, manivela ipumzike." Mwenzangu akacheka kwa maandishi. Nikaweka simu, nikaendelea kusuka nywele.

Ijumaa ikapita, Jumamosi, Jumapili nikaenda misa, nikaimba, nikarudi, nikala. Nimejiuliza mara nyingi niliwezaje kuimba. Jumatatu mchana mama alikuwa jikoni anasonga bugali. Akaukung'uta mfuko, akaukunja, akasema bila kugeuka, "Unga umeisha. Yule mama wako wa mutoni, atatuma lini tena?"

Nilisimama pale mlangoni mwa jiko. Baruti ilikuwa Jumatano saa nane. Mlingoti utasimama. Nilimwambia, kwa mkono wangu huu, mara tatu: ukisimama, hakuna baruti.

Nikampigia muuza mandazi. Kijijini kwao simu hushika mahali pachache tu, na haikushika. Nikampigia mwenzangu. Hakupatikana. Nikamwandikia. Ujumbe ulikwenda, lakini haukumfikia. Baadaye niliambiwa ile kuhamisha mlingoti ilikuwa imekata rezo ya kambi kwa siku mbili, wakawa wanahangaika kuitafuta, na habari ya mtoni ilikuwa imemtoka mwenzangu kichwani kama ilivyonitoka mimi. Nikampigia shefu, naye hapatikani. Nikapiga tena na tena. Mama akazima moto akaniuliza nini. Nikamwambia. Hakunifariji, akasema, "Sasa unangojea nini hapa?"

Jumanne alfajiri nilipata nafasi kwenye gari la mizigo linaloelekea Mwenga. Anayeijua barabara ile haulizi kwa nini siku moja haikutosha. Malori mawili yalikuwa yamekwama kwenye tope mbele yetu, na watu walichimba, walisukuma, walitukanana, waliomba Mungu. Mimi nilisukuma pamoja nao mpaka viatu vikabaki humo ndani. Kila mahali simu iliposhika nilipiga. Mara moja mwenzangu alipokea, nikasikia "Allo? Allo, maman?" na sauti ikafa. Nilipiga kelele kwenye simu iliyokufa, dereva akanitazama.

Tulifika Jumatano, saa saba na zaidi. Nilishukia kwenye mlango wa mgodi. Muuza mandazi alikuwepo. Nikamuuliza kabla ya salamu kama kuna mtu aliyemwambia yaya yake habari ya mlingoti.

"Habari gani?"

"Kwamba leo haushuki."

Aliangalia juu ya kilima. Ule pale, mrefu, mweupe, kamera zake mbili zinametameta. Akaweka birika chini.

"Asubui alienda mu maji," akasema. "Aliona umesimama, akaniambia leo bataosha mupaka jioni."

Nilikwenda kwa mlinzi. Nilihitaji kitu kimoja tu: radio yake, dakika moja, niseme "simamisha." Na hapa ndipo ninapojichukia. Mlinzi alikuwa mgeni, hakunijua. Aliangalia baji yangu akasema, "Maman, weye uko konji. Baji imefungwa. Ngojea baruti ipite." Ningemwambia kwa upole, papa, mtoni kuna watu watakufa, naamini angenipa ile radio. Alikuwa na uso wa mtu wa kusikia. Lakini nilikuwa na siku mbili za tope mwilini na hofu, nikafungua mdomo, nikamtukana. Nilimtukana yeye, na mama yake, na buti zake. Akafunga kizuizi, akanigeuzia mgongo. Nilipoanza kusema habari ya mtoni hakuwa ananisikiliza tena, ilikuwa kelele tu ya mwanamke mwenye wazimu.

Basi nikakimbia. Kuna njia nje ya waya inayoteremka mpaka mtoni, mwendo wa robo saa kwa mtu wa kawaida. Muuza mandazi alinifuata nyuma, anaita jina la Mungu. Niliteleza, nikaanguka, nikanyanyuka. Nikasikia sireni. Niliisikia vizuri sana, mimi niliyekuwa karibu.

Nikafika kwenye mgeuko ambapo mto unaonekana wote. Walikuwa chini, kumi hivi, wameinama. Wengine walikuwa wamenyanyua vichwa, nadhani waliipata ile nusu ya sireni. Hawakukimbia. Walimwangalia yeye. Naye alikuwa ameangalia juu, nyuma yangu, ukingoni, akawatandazia kiganja: salama. Wakainama tena.

Nikapiga kelele. Nilipiga kelele kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Tokeni! Baruti! Tokeni mu maji!" Wenye masikio wakanisikia. Waliniona, mwanamke mwenye tope, peku, anapunga mikono, wakaanza kutoka, mmoja, wawili, wote, wanakimbilia ng'ambo. Yeye akawaona wanakimbia na hakuelewa. Akachukua beseni lake, akalipiga kuwaita warudi. Ndipo akageuka akaniona.

Alifurahi. Hilo nililiona wazi, uso ulifunguka wote. Alizungusha ngumi hewani, jina langu. Mimi nikasimamisha mkono wangu na kuushusha. Nikasimamisha, nikaushusha. Mawe, mawe, mawe, nikaonyesha. Akatikisa kichwa, anacheka. Akaonyesha kidole juu ya bega langu, pale mlingoti uliposimama. Alinifanyia ile ishara polepole, kama nilivyomfanyia mimi siku ile mlangoni: mkono wima, kiganja kimetandazwa. Akanirudisha mwanzo. Akazungusha ngumi tena. Alifikiri nimesahau, mimi mwenye manivela, na ananikumbusha.

Nilikuwa naendelea kuteremka. Nilikuwa bado mbali.

Ardhi ilitikisika, kisha sauti ikaja. Mawe mengi yaliangukia upande wa shimo, kama yalivyopangwa. Machache yaliruka. Moja ndilo lililofika mtoni penye mtu, wala halikuwa kubwa. Nilipofika alikuwa amelala kati ya mihogo yake, maji yanampita, macho wazi. Mdogo wake alikuja nyuma yangu akaingia majini na nguo zake. Tulimbeba pamoja na wale wanawake waliorudi. Hakufika kwenye kituo cha afya.

Sitaandika kilio. Kila mtu ana kilio alichokwisha kukisikia.

Siku ya nane baada ya maziko watu wa mgodi waliita mkutano kambini, katika ofisi yao ya bati. Kulikuwa na shefu, mkuu wa walinzi, bwana mmoja aliyetoka Bukavu na kompyuta, mwenzangu, mimi, na kwa upande wa familia alikuja muuza mandazi, amevaa kitambaa cha kichwa ambacho nilikijua, kile mama yangu alichomtumia yaya yake. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono imelala mapajani. Mikono ile niliyozoea kuiona ikisema, siku hiyo haikusema kitu.

Bwana wa kompyuta alizungumza vizuri, Kifaransa kidogo, Kiswahili kidogo. Alisema mgodi unasikitika sana. Alisema sireni ililia kwa muda unaotakiwa, na hilo lilikuwa kweli. Alisema karatasi za walinzi zinaonyesha eneo lilikuwa tupu. Alisema marehemu, kwa bahati mbaya, aliingia mahali palipokatazwa, na kwa kuwa alikuwa mlemavu wa kusikia hakuweza kujua hatari. Alisema mtu asiyesikia asingetakiwa kuachwa peke yake mahali kama pale. Alipofika hapo alimwangalia muuza mandazi kwa huruma, kama anayemwambia familia nayo ingemchunga. Muuza mandazi hakuinua macho.

Wenzangu walikuwa wanaangalia meza. Nami niliangalia meza. Nilikuwa bado na kazi, mama yangu yuko Muhumba, na hakuna mtu katika chumba kile, isipokuwa shefu, mwenzangu na muuza mandazi, aliyejua kwamba nilijua. Shefu hakufungua mdomo. Nakiri kwamba nilikaa kimya muda mrefu.

Kisha bwana yule akasema tunayo picha. Kwa mara ya kwanza mlingoti ulikuwa umebaki umesimama, kamera zilikuwa wazi, kila kitu kimeonekana. Akageuza kompyuta tuone. Ilikuwa picha ya shimo, kubwa, safi. Mtu wa kuangalia kamera siku ile aliangalia shimo, kama alivyoambiwa. Lakini chini, pembeni kushoto, kulikuwa na kipande cha mto. Bwana akakikuza. Mimi sikuonekana, nilikuwa chini ya ukingo, mahali kamera haifiki. Walionekana wanawake wanakimbia, na mmoja amebaki. Uso wake umeinuliwa moja kwa moja kwetu. Anacheka. Anaonyesha kidole kwenye kamera, anasimamisha mkono wima, anatandaza kiganja. Anafanya tena. Halafu anazungusha ngumi.

Bwana akaisimamisha picha kabla ya mlipuko.

"Ni hapa sielewi," akasema. "Anaonyesha nini? Kuna mtu anayejua anasema nini huyu maman?"

Muuza mandazi alijua. Alikuwa anajua mikono ile tangu utoto. Aliinua macho kwa mara ya kwanza, akayaleta kwangu, akangoja.

Nikasimama.

"Anasema mlingoti bado umesimama," nikasema. "Na pale anapozungusha mkono, ananitaja mimi."